Sinia ya Kimya

Kila asubuhi ya likizo, Kiroboto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu. Alipewa jina hilo kwa sababu hakai mahali pamoja hata kwa dawa. Alitangulia mbio mpaka hospitalini, kwenye chumba kidogo nyuma ya jengo la upasuaji, ambako mama yake alikuwa mtaalamu wa maabara.

Kazi ya chumba kile haikuwa ya kawaida. Mama alipokea mioyo ya ng'ombe kutoka machinjioni, akatoa vali zake, yaani vile vilango vinavyofunguka damu ipite na kujifunga isirudi nyuma. Alizikata vipande, akavishona kwa uzi mwembamba kama wanavyoshona madaktari, kisha mashine ikavivuta taratibu mpaka nyama ichanike. Namba iliyotokea kwenye kioo ilionyesha mshono umestahimili kiasi gani. Hivyo madaktari walijua mshono upi wa kuuamini kabla hawajamgusa mtu.

Kitufe cha mashine kilikuwa cha Kiroboto. Yeye tu ndiye aliyekibonyeza, mpaka alipokuja Kimya.

Kimya alikuwa binti wa mjomba, rika moja naye, aliyekuja kukaa nao wakati wazazi wake wako safarini. Maneno yake machache, mikono yake imetulia.

"Leo atabonyeza Kimya," Mama alisema asubuhi moja. "Wewe Kiroboto unabonyeza hata kabla sijatoa vidole vyangu. Chanda chema huvikwa pete. Njoo, mwanangu."

Mwanangu! Neno hilo lilimchoma Kiroboto kuliko sindano. Ulikuwa wivu, tena wivu mtupu, wala hakujidanganya. Mama ni wangu, kitufe ni changu, aliwaza. Huyu kaja juzi na begi lake, leo keshakuwa mwenye nyumba!

Kila mmoja alikuwa na sinia ya vipande vilivyokwisha kushonwa. Kiroboto alitunza vya mshono wa zamani waliouzoea madaktari, Kimya vya mshono mpya uliokuwa ukijaribiwa. Walitakiwa kuviweka kwenye maji ya chumvi na kuvifunika kwa kitambaa kilicholoa, maana moyo ulio hai haukauki.

Walipotoka kwenda kunywa chai, Kiroboto alisingizia kuwa amesahau leso. Akarudi ndani, akamwaga maji ya sinia ya Kimya, akafunua kitambaa na kuisogeza sinia chini ya feni. "Vichanike kama karatasi," alinong'ona, "tuone nani atavikwa pete." Chai ilipokwisha alitangulia tena mbio, akanyunyiza maji kidogo juu na kufunika.

Vipande vya Kiroboto vilichanika palepale vinapochanika siku zote. Ikaja zamu ya vya Kimya. Kiroboto akabana midomo asicheke. Mashine ikavuta, namba ikapanda, ikaupita mshono wa zamani, ikazidi kupanda! Nyama ile haikuwa imelegea kwa kukauka. Ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya kiatu.

"Haijapata kutokea!" Mama alipiga makofi.

Daktari wa upasuaji akaingia, anatafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Aliposoma namba, uso wake ulichangamka.

"Hongereni! Wiki ijayo nina mgonjwa mtoto, wa rika la hawa. Akipanda ngazi anahema. Nilikuwa sijaamua nimshone vipi. Basi, nitatumia huu mpya." Akampa Kimya mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Kiroboto aliwaka ndani. Amemchimbia mwenzake shimo, na mwenzake katoka humo na sifa!

Lakini Kimya hakutabasamu. "Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "vipande vyangu vilikuwa vigumu nilipovishika. Labda sikuweka maji ya kutosha. Nisamehe."

Mama alikunja uso. "Kimya! Wewe niliyekuamini?"

Loo! Hicho ndicho alichokitaka Kiroboto tangu asubuhi, na sasa kimeletwa mpaka miguuni pake. Alichohitaji ni kunyamaza tu. Akamtazama Kimya, aliyejivua sifa kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua, na aibu ikamshika.

"Si yeye, Mama. Ni mimi. Nilimwaga maji yake, nikaiweka sinia kwenye feni. Nilimwonea wivu."

Mama hakufoka, na hilo lilimuuma Kiroboto zaidi. Alivaa glavu, akashona vipande vipya, akavilowesha mwenyewe. Safari hii mshono mpya ulichanika kabla ya ule wa zamani.

"Nabaki na wa zamani," Daktari alisema, akijifuta jasho.

Mama akamgeukia binti yake. "Tumezoea kusema mchimba kisima huingia mwenyewe. Leo, mwanangu, kisima chako nusura kimmeze mtoto asiyelijua hata jina lako. Wivu ukikupata, njoo uniambie, nitakusikiliza. Usiutie kwenye kazi. Umefanya vyema kusema kweli, lakini sinia utaziosha wewe mpaka shule zifunguliwe, na kitufe ni cha Kimya."

"Ndiyo, Mama," alijibu Kiroboto. Katika maneno yote hayo, alikuwa amelisikia lile moja: mwanangu. Ameitwa hivyo hata akiwa amekosa.

Akamwomba Kimya radhi. Kesho yake alijaza maji ya chumvi kwenye sinia ya Kimya kwanza, ndipo akajaza yake.