MSTARI WA RANGI YA KUCHA

"Vuka mstari! Vuka, mwanangu! Huo mstari ni wa uongo!"

Hiyo ni sauti ya mama yangu mzazi, anapiga kelele kutoka kiti cha nyuma. Na nyuma yake, pua ya lori imejaa kioo kizima.

Lori halina breki!

Na mimi mguu wangu umeganda...

Jamani, tulieni niwasimulie. Nikikosea herufi mnivumilie.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Ndiyo, yale yale ambayo babu anayavua kabla ya kulala na kuyaweka kwenye glasi ya maji. Nayatengeneza, nayapanga kwenye boksi, nayasambaza kliniki kwa gari langu.

Gari lenyewe dogo. Cc 1300, milango miwili, jepesi kiasi kwamba vijana wanne wanaliinua wakitaka. Bosi wangu ana dude la cc elfu tatu, na kila akisikia langu linawaka lazima aulize:

"Leo unashona suruali au gauni?"

Eti linalia kama cherehani. Basi jina likakwama hapo hapo. Cherehani.

Gari hilo nilirithi kwa baba. Alikuwa fundi magari, na alifariki kwa ajali nikiwa na miaka kumi, ndani ya gari hilo hilo. Wenzake wa gereji wakalinyoosha, wakabadilisha mlango wa kushoto, ule wa abiria. Mpaka leo mlango huo umepauka kuliko mwili mzima. Kisha likafunikwa turubai miaka na miaka.

Siku ya msiba, mama mkubwa alinishika bega akaniambia, "Baba yako na mbio zake, mwanangu. Ndizo zilizomuua."

Nikakua na hilo moyoni. Nilimchukia baba, sitaki kusema uongo. Mtu una mke, una mtoto, halafu unakimbiza gari kwenye mvua? Miaka kumi na sita sikukanyaga kaburini kwake. Mama akienda, mimi najifanya kichwa kinauma.

Nilipopata leseni, mama akatoa turubai. Akanikalisha kwenye usukani, yeye akainama mlangoni.

"Unaona hapa?"

Kwenye dashibodi kuna saa mbili, moja ya spidi, nyingine ya mizunguko ya injini. Hiyo ya mizunguko inaenda mpaka elfu tisa, na alama nyekundu ya kiwandani iko kwenye nane. Lakini juu ya kioo cha saa hiyo, kwenye nne, kulikuwa na mstari mwingine mwekundu, umechorwa kwa rangi ya kucha.

"Aliuchora baba yako," mama akasema. "Hiyo ya kiwandani ni ya injini mpya. Hii imechoka. Mshale ukivuka hapa, pistoni zinapasuka na wewe umo ndani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Apa."

Nikaapa.

Miaka mitatu nimeendesha hivyo. Mshale ukikaribia nne, naongeza gia. Mlimani napitwa na kila kitu, hadi malori ya mchanga. Nikawa nimezoea kupigiwa honi.

Kuna fundi mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, hii injini unaionea. Injini ndogo kama hizi, valvu kumi na sita, pistoni nyepesi, chini ya elfu nne zinasinzia tu. Nguvu yake iko huko juu, sita, saba. Lile dude la bosi wako lina nguvu chini. Hii lazima uifanye ilie."

Nikamwitikia kwa heshima, moyoni nasema, huyu anataka niue injini nirudi kwake kesho. Hanipati ng'o!

Wiki iliyopita nilikuwa na boksi la meno la kupeleka kliniki moja ng'ambo ya bonde. Mama akaomba lifti, anakwenda kumtazama mama mdogo. Akapanda nyuma kama kawaida.

Mama hakai kiti cha mbele. Hajawahi. Ukimuuliza, mbele kuna upepo. Ukifunga madirisha, mbele kuna jua. Nikaacha kuuliza. Na kuendesha ndiyo kabisa, hata toroli sijawahi kumwona analisukuma.

Barabara ya kule inashuka mteremko mrefu, inapita daraja jembamba, halafu inapanda kilima kikali. Kwenye mteremko kushoto ni ukuta wa mwamba, kulia ni magari yanayopanda, na baada ya hayo ni korongo. Hakuna pa kukwepea hata na baiskeli.

Nashuka zangu taratibu, mama ananisema kwamba siku hizi sili. Ndipo nikasikia honi.

Sijali honi mimi. Lakini hii haikukatika.

Nikatazama kioo. Lori la kokoto. Taa zote zinawaka. Na dereva ametoa mkono dirishani, anaupunga kama anayefukuza nyuki.

"Mama, lori!"

Mama akageuka. Akalitazama lile lori.

"Halina breki," akasema.

"Unajuaje?"

"Halipungui. Kanyaga, mwanangu."

Nikakanyaga. Nasikia meno yanagongana kwenye boksi pembeni yangu, na ya kwangu pia mdomoni!

Hamsini. Sitini. Mteremko unatusaidia, lakini unalisaidia na lori. Mshale wa mizunguko ukagusa nne, nikaongeza gia kama nilivyofundishwa. Ya nne. Tisini. Kona ya kwanza tairi zikalia. Boksi likapinduka, meno yakamwagika kiti kizima, mengine yakanidondokea miguuni yakinichekea.

Lori likasogea. Nikaiona nembo ya mbele. Nikaona wadudu waliokufa kwenye taa zake. Wallahi nilijikojolea, mnicheke tu, hamkuwepo.

Tukapita daraja kama risasi. Nikapumua, nikidhani yamekwisha, kumbe hapo ndipo yalipoanza...

Kwa sababu sasa ni mlima. Na lori limeshuka na mwendo wake wote, mwendo ambao mlima ungeumaliza, ndiyo, lakini si mara moja. Mpaka uishe, ilibidi sisi tusiwe mbele yake. Na Cherehani, ndani ya gia ya nne, mshale chini ya mstari, akaanza kuchoka.

Tisini na tano... tisini... themanini na tano...

Nakanyaga mpaka chini, gari haliitikii!

"Mama, linakufa!"

"Rudisha ya tatu!"

"Litavuka mstari!"

"Rudisha!"

"Litapasuka, mama! Baba alisema..."

Hapo ndipo aliposema maneno yale niliyowaanzia.

"Vuka mstari! Vuka, mwanangu! Huo mstari ni wa uongo! Niliuchora mimi!"

Mguu ukaganda. Lori likatugusa nyuma, *kum*, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Shingo ikatikisika.

Mkono wa mama ukapita kati ya viti. Ukaushika mkono wangu ulioko kwenye gia.

"Klachi," akasema. Sauti imetulia ghafla, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kanyaga klachi. Sasa."

Nikakanyaga. Mkono wake ukanivutia gia ya tatu.

"Achia. Mafuta yote."

Ndugu zangu, Cherehani alipiga ukelele!

Mshale ukaruka mstari wa mama. Tano. Nikafumba jicho moja nikisubiri kupasuka. Tano na nusu. Sita. Na hapo kwenye sita kitu kikaamka. Mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Gari lile lile, cc zile zile 1300 za kushonea suruali, likaanza kuupanda mlima kama linaitwa juu!

"Usiachie," mama ananiambia sikioni. "Mwache alie. Bado ana pumzi."

Themanini na tano... tisini na tano... mia moja.

Saba. Saba na nusu.

"Niongeze gia?"

"Usithubutu! Ukiongeza unampoteza."

Nikatazama kioo. Kati yetu na lori pameingia mwanga. Urefu wa gari moja. Matatu. Kumi. Mlima ukaanza kulishika, likawa linapungua, linapungua, mwisho dereva akalipeleka kwenye ukingo wa udongo kushoto. Likalala hapo, limeinama, vumbi tupu.

"Sasa ongeza gia," mama akasema. Akautoa mkono wake.

Nilisimama juu ya kilima. Nikafungua mlango, nikatapika.

Dereva wa lori alikuja kwa miguu, viatu mkononi, hata sijui kwa nini alivivua. Mtu mzima analia waziwazi.

"Mabinti wangu wawili wako shule," akasema. "Nilishasema moyoni naua watu, nisameheni. Kigari kama kile! Nani kakufundisha kuendesha hivyo, dada?"

Nilimtazama mama.

Alikuwa ameketi kwenye jiwe, ameshikilia mkoba, anazitazama kucha zake.

Dereva akarudi kulitazama lori lake. Nikakaa chini mbele ya mama.

"Mama. Ulijuaje kuhusu ile gia?"

Akakwaruza ukucha mmoja kwa dole gumba.

"Na kwenye sita. Ulijuaje kwamba anaamka kwenye sita?"

"Niache kwanza, mwanangu."

"Sikuachi!" Nilipaza sauti, Mungu anisamehe. "Nimekaribia kufa kwa ajili ya rangi ya kucha! Nieleze!"

Akanyanyua uso.

"Lile gari si la baba yako," akasema. "Ni langu."

Nikaligeukia gari.

"Baba yako alikuwa analifungua injini na kulitengeneza. Mimi ndiye niliyeendesha. Kila Jumapili, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa, tulikuwa tunashindana. Wenye magari makubwa walinicheka mpaka mbio zinapoanza. Baba yako ananisubiri pembeni na kitambaa, anacheka peke yake."

"Na ajali?"

Mama akanyoosha kidole. Nikakifuata kile kidole mpaka kwenye gari.

Mlango wa kushoto.

Ule uliopauka. Ule wa abiria.

Miaka mitatu naosha ule mlango kila Jumamosi! Naupiga dawa ya kung'arisha! Na sikujiuliza hata siku moja, kama baba ndiye aliyekuwa anaendesha, kwa nini gari liliumia upande wa abiria, na akafa yeye?

"Ilikuwa mvua," mama akasema. "Aliniambia, 'Mke wangu, punguza.' Nikamwambia, 'Unaogopa?' Nikaingia kwenye kona. Polisi niliwaambia ukweli wote. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Dada yangu, mama yako mkubwa, akakwambia ya kwake, mimi nikamsikia... nikanyamaza. Nilisema nitakueleza ukikua. Ukakua. Nikaogopa kukupoteza na wewe."

"Ndiyo maana hukai mbele."

"Kile ni kiti chake."

Niwaambie ukweli, nilitaka kumwacha pale pale juu ya jiwe. Baba yangu! Nimemsema, nimemnunia, nimemnyima hata ua moja, kumbe yeye ndiye aliyesema punguza!

Nilizunguka gari mara mbili. Nikaanza kuokota meno kwenye zulia, moja moja, ili mikono iwe na kazi. Mama akaja, akapiga magoti upande wa pili, naye akaokota. Tuliyakusanya yote.

Tulipomaliza, akafungua mkoba. Akatoa kichupa cha dawa ya kufutia rangi ya kucha na kipande cha pamba. Akaingiza mkono mpaka kwenye ile saa, akasugua. Mara tatu tu, mstari ukaisha.

"Twende kwa mama mdogo?" nikauliza.

"Twende kwa baba yako kwanza," akasema.

Kisha akazunguka mbele ya gari. Akasimama mbele ya ule mlango uliopauka, mkono kwenye kitasa. Nikamsubiri. Akaufungua, akaketi, akafunga mkanda.

Wazazi mnaonisoma, mkiwa na woga, waambieni watoto wenu kwamba mnaogopa, na mnaogopa nini. Mama alichora ule mstari ili nisife. Siku ya lori, kilichokaribia kuniua ni huo huo mstari.

Niliwasha gari. Cherehani akalia.

"Taratibu," mama akasema. "Baba yako hapendi mbio."