Mashati Arobaini ya Mshonaji wa Dirishani

Jumatatu, saa saba na dakika arobaini mchana, baada ya saa ya kula, boksi la mashati ya mshonaji wa dirishani lilifunguliwa. Mashati arobaini, yote yamekatwa mgongoni. Saa nane kamili alikuwa nje ya geti la kiwanda, kazi hana.

Alhamisi, fundi mitambo bado alikuwa anakizungukia kile kiti chake kitupu akijidai anatia mashine oili. Amemkumbuka mpaka inauma. Rufaa ya dada yule ilikuwa leo saa tisa. Ikikataliwa, basi tena, hamwoni.

Akaanza kuulizia, kwanza kwa mshonaji wa kiti cha jirani.

"Wewe si ulikitaka hiki kiti?"

"Nilikitaka kwa upepo wake, sikutaka shoga yangu afukuzwe! Halafu nikate na nini, na hiki?" Akamwonyesha kimkasi cha nyuzi, kidogo kama kidole. "Wiki iliyopita alimshtaki msimamizi kwa meneja kwa barua, maana mikono ya yule bwana haibanduki viunoni mwa watu. Ulikuwa wapi wewe, chini ya mashine?"

Kweli, alikuwa chini ya mashine.

Akaenda stoo, akayapanga yale mashati moja juu ya jingine. Mkato uleule, urefu uleule, kingo safi. Ni kisu cha umeme cha chumba cha kukatia vitambaa.

"Saa ya kula ufunguo wa hapa unampa nani?" akamuuliza mkataji wa chumba hicho.

"Msimamizi. Kila siku."

Saa tisa akaingia ofisini kwa meneja na mzigo wa mashati. Msimamizi alikuwepo. Mshonaji alizuiwa getini.

"Mama, tazama." Akapitisha mkono kutoka shati la kwanza mpaka la arobaini. "Haya yamepangwa, yakakatwa mara moja, kwa kisu cha chumba cha kukatia."

Msimamizi akacheka. "Siku hizi umekuwa askari?"

"Na wewe kabla ya cheo ulikuwa nani? Mkataji, miaka tisa. Mkataji hakati shati moja moja. Mkono umezoea kupanga."

"Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa na nani Jumatatu saa ya kula?" meneja akauliza.

Msimamizi akalipuka: "Alinichafulia jina! Nilitaka aende zake tu!"

"Utakwenda wewe. Na barua yake nilitakiwa niisome siku ileile iliponifikia," meneja akasema.

Fundi akampigia mshonaji simu akiwa katikati ya mashine.

"Dada, umerudishwa. Kesho saa moja."

Dada akauliza:

"Hizo ninazosikia ndizo mashine zetu?"

"Ndizo."

"Usikate. Iache simu hapo mezani."

Fundi alikuwa na neno lake la kusema. Akalimeza, akaiweka simu, akaacha salio liishe lenyewe.