Soli Aliyoishona Mwenyewe

Rafiki yangu fundi viatu, mume wa dada yangu, alinisimulia haya akilia, na Mungu ni shahidi. Yeye na dada walikwenda kutembea katika hifadhi ya nyayo za kale zilizogeuka mawe. Walivuka uwanda wa majani, wakaingia msituni, dada akitangulia.

"Baba watoto, hata kobe atakupita!" alimtania, akipanda jiwe pana.

Mumewe hakumwona tena. Aliita mpaka sauti ikamkauka na giza likatanda. Ndipo akasikia hatua za mkewe juu ya jiwe lile tupu. Akakumbuka kwamba waongoza wageni hulimwagia maji ili nyayo zionekane. Akamimina chupa yake huku akiomba dua.

Kwa mwanga wa simu aliona alama za kwato za wanyama zikijitokeza, na kati yake alama ya soli ya kiatu cha mkewe, aliyoishona mwenyewe asubuhi ile. Akaipapasa mishono yake. Ilikuwa jiwe.