Karatasi ya Mstari Mmoja

Millicent ni fundi wa nguo katika kituo cha Magunga. Mwezi wa Desemba hana nafasi hata ya kukuna kichwa, maana kila mtu anataka nguo mpya ya Krismasi. Lakini mwaka huu hofu yake haikuwa nguo. Ilikuwa kinanda cha kanisa.

Krismasi iliyopita alipiga wimbo wa sadaka. Alikuwa ameukariri kutoka kwenye video, kidole kwa kidole, beti tatu kamili. Beti zilipoisha, naye akaacha. Kumbe watu waliopeleka sadaka mbele walikuwa hawajafika hata katikati ya kanisa. Mmoja alibeba gunia la mahindi, mwingine alivuta mbuzi. Kanisa likawa kimya. Jogoo wa sadaka akawika, na waumini wakaangua kicheko. Millicent alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki mbili kabla ya Krismasi hii, Mama Zilpah, mwenyekiti wa kwaya, alipita dukani. Alikuwa anatoka semina ya kwaya mjini Homa Bay.

"Nyathina, mtoto wangu, nimekuletea wimbo mpya wa sadaka," alisema, akimpa karatasi iliyokunjwa. "Lakini wacha nikuambie ukweli. Kinanda ikinyamaza tena, mwaka ujao tutaweka nyimbo za simu."

Millicent aliacha kushona. Alikipenda kinanda kile kama mtu anavyompenda mtoto wake. Aliifungua karatasi haraka, na hapo akashtuka zaidi. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa noti. Juu ya noti kulikuwa na herufi: C, F, G. Mkono wa kushoto haukuandikiwa hata noti moja.

"Mama, hii imekatwa," alisema. "Mashine ya kopi imekula nusu."

"Lakini hivyo ndivyo walinipea," Mama Zilpah alijibu, naye ametoa macho.

Chini ya karatasi kulikuwa na jina la Mwalimu Gesare, mwalimu wa muziki mjini Migori. Kesho yake Millicent alifunga duka, akaenda Migori kudai nusu yake.

Mwalimu Gesare aliitazama karatasi. "Hakuna kitu imekatwa," alisema.

"Na mkono wa kushoto?"

"Huo utatunga wewe."

Millicent alikodoa macho. "Mwalimu, mimi sijui kutunga. Mimi hufuata tu."

"Unafanya kazi gani?"

"Kushona."

"Mteja akitaka gauni la mikono mirefu, anakuandikia kila mshono?"

"Hapana. Hiyo ni kazi yangu."

"Basi hata hii ni kazi yako."

Alimketisha kwenye kinanda. "Huu mstari ni ile sauti watu wanaimba. Upige na mkono wa kulia. Herufi ni za mkono wa kushoto. Penye C, piga C. Ruka kitufe kimoja cheupe, piga kinachofuata. Ruka kingine, piga tena. Hizo ni sauti tatu. Penye F, anzia F, uruke vivyo hivyo. Na G pia."

Millicent alibonyeza. Sauti tatu zilitoka zikiwa zimeshikana vizuri. Aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Ni hivyo tu?"

"Huo ni mwanzo. Ubeti wa kwanza, piga zote tatu pamoja, ushikilie. Wa pili, ziachilie moja moja, ukianza na ya chini. Wa tatu, piga ya chini, halafu zile mbili za juu. Waimbaji wakivuta pumzi, jaza na hizo hizo tatu. Lakini usiruke kwa herufi nyingine kabla ya wakati wake."

Millicent alijaribu. Aliruka mapema, na sauti zikagongana vibaya.

"Umesikia?" Gesare aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi masikio yako ni mazima. Rudia, polepole."

Kila jioni alifanya mazoezi kanisani. Mume wake, Maurice, alikuja kumchukua na kusimama mlangoni kwa mshangao. "Wimbo ni ule ule," alisema. "Mbona kila siku ni mpya?"

Siku ya Krismasi, sadaka ilianza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Millicent aliinua macho. Foleni ilikuwa bado mlangoni, na safari hii mbuzi walikuwa wawili. Mama Zilpah alikuwa anamwangalia.

Millicent aliitazama herufi ya kwanza. C. Akaipiga. Akarudia wimbo bila waimbaji, taratibu, akiziachilia sauti moja moja. Kisha akapiga ya chini, na mbili za juu. Kwaya ilishtuka, ikasikiliza, halafu ikaanza tena ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini. Aliendelea mpaka bibi wa mwisho akaweka kikapu chake cha mayai. Jogoo aliwika, lakini hakuna aliyecheka.

Baada ya misa Mama Zilpah alimfuata. "Nyathina, hiyo karatasi ingine ulipata Migori, nipatie tutoe kopi."

Millicent alimpa karatasi ile ile. Mama Zilpah aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Mstari mmoja, herufi tatu.

"Na hizo zote umecheza ziko wapi?"

"Haziko kwa karatasi, mama."

Mama Zilpah aliketi kwenye benchi. "Basi simu itakaa kwa mfuko," alisema.