Maneno ya Baba

Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha Kiingereza, Chiriku alikuwa na jipya la kusimulia. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. "Jana baba kanipigia simu," angesema huku akitoa vitabu, na yote yaliyofuata aliyatunga mwenyewe. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kazini katika nchi ya mbali wanakozungumza Kiingereza. Chiriku alikuwa hajaisikia sauti yake tangu muhula uanze, na hamu ilikuwa ikimla moyo.

Wiki hiyo walisoma misemo ya Kiingereza yenye jina la kondoo. Walishajifunza kwamba asiyepata usingizi huambiwa ahesabu kondoo, na kwamba wanaofuata wenzao bila kufikiri huitwa kondoo.

"Na kondoo mweusi wa familia ni nani?" mwalimu aliuliza. "Chiriku, ulisema utamuuliza baba."

"Nimemuuliza, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho. "Ni mtoto anayependwa kuliko wote, kwa sababu wa namna yake yuko mmoja tu."

"Sivyo," mwalimu alisema kwa upole. "Ni yule anayewatia aibu jamaa zake."

Darasa likaangua kicheko. "Kumbe Kiingereza kinampiga chenga baba yako," jirani yake wa dawati alisema. "Huko anaongea na nani?"

Chiriku angeweza kunyamaza, kicheko kikapita. Lakini aliyechekwa ni baba, naye hakuwapo kujitetea. Alisimama.

"Baba hakusema hivyo. Hajaongea nami muhula mzima. Nilikuwa nawadanganya."

Hakuna aliyecheka tena. Jioni mwalimu alimsindikiza hadi kwa shangazi yake, mshonaji aliyekuwa akimlea, akamweleza yaliyotokea.

"Mbona baba yako hupiga," shangazi alishangaa, akisimamisha cherehani. "Ila saa yake ya kupumzika, wewe uko shuleni. Kila nikikuuliza kama una la kumwambia, unasema huna."

"Niliogopa nitalia, shangazi."

"Basi ulie. Machozi hayavunji simu."

Shangazi akamwomba baba apige siku isiyo ya shule, na Jumapili simu iliita. Chiriku alilia kwanza, kisha akaeleza yote, hata ile maana aliyoizua.

"Uongo wako umefanya nichekwe, na nimekusamehe," baba alisema. "Lakini ukiwa na hamu nami, mwanangu, sema una hamu nami. Usinitungie maneno. Ninayo yangu mengi ya kukuambia."