Manjano na Vidole vya Msusi

Msusi wa mtaa wetu alikuwa na mikono myepesi. Wateja walisema mtu husinzia akisukwa, akazinduka kazi imekwisha. Lakini mwaka huo vidole vyake vilianza kukakamaa kila asubuhi. Viungo vilivimba, vikawa vya moto. Mumewe ndiye aliyemfungia vifungo vya blauzi.

Hospitali walimwambia ana baridi yabisi, wakampa vidonge. Vidonge vikamtia kichefuchefu. Hakurudi kueleza.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa akiuza viungo vya chakula sokoni. Alimletea manjano na tangawizi.

"Viungo vyangu vitatibu viungo vyako," alimtania.

Msusi alichemsha, akanywa asubuhi na jioni. Maumivu yakapungua kidogo. Akafurahi, akaacha vidonge kimyakimya.

Nafuu haikudumu. Siku moja, katikati ya kusuka, kitana kilimponyoka. Alijaribu tena kugawa nywele, vidole vikakataa. Mteja aliondoka amejifunga kitambaa, nusu ya kichwa haijasukwa. Msusi akajifungia chumbani, akalia. Wifi yake aliposikia kwamba vidonge viliachwa, alimwambia avae viatu, waende wote kliniki.

Muuguzi aliishika ile mikono taratibu. Hakumgombeza mtu. Alieleza kwamba kinga ya mwili ni kama mlinzi. Katika ugonjwa huu, mlinzi humgeukia mwenye nyumba akampiga. Ndiyo maana viungo huvimba, na visipotibiwa huharibika kabisa.

"Kwa hiyo manjano yangu ni sumu?" wifi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, dada. Ndani ya manjano na tangawizi mna vitu vinavyoweza kupunguza uvimbe. Wataalamu bado wanavichunguza. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu, lakini haijathibitika kwamba vinazuia viungo kuharibika. Kwenye chakula, tieni tu. Ila vile vidonge vya manjano yaliyokolezwa, tuulizeni kwanza, maana huenda visipatane na dawa nyingine."

Kisha akamgeukia msusi. "Na wewe mama, dawa ikikusumbua, usiiache. Njoo useme."

Daktari alimpima damu, akambadilishia namna ya kutumia dawa. Kichefuchefu kikapungua. Uvimbe ulichukua miezi kushuka, na kidole kimoja kilibaki kimepinda. Manjano aliendelea kuyatia kwenye mchuzi. Sokoni nako, wifi alianza kuwauliza wanunuzi kama wana dawa za hospitali, akiwasihi wasiziache.

Mtu wa kwanza kusukwa tena alikuwa wifi huyo huyo. Alijileta mwenyewe, nywele zimechanwa tayari. Msusi alisuka polepole, akipumzika kila mara. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo.

Wifi alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku.

"Umenyooka," alisema. "Endelea."