Mstari wa Pumzi

Mkoromo wa Mahfoudh ulipokatika, kitu kingine kiliendelea kupumua nyuma ya majora ya vitambaa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, dukani kwao, mtaa wa Dunda. Mkewe, Thuwaiba, aliacha kukunja vitenge akasikiliza. Kifua cha mumewe kilikuwa kimetulia kabisa. Ile pumzi nyingine ilivutwa taratibu, ikaja na harufu ya kaburi lililochimbwa asubuhi. Kisha Mahfoudh akashtuka kwa mkoromo, na kule nyuma kukanyamaza.

Daktari wa Dar es Salaam alisema koo lake huziba akilala, ubongo ukakosa hewa. Alitaka picha za ubongo aone umeumia kiasi gani.

Chumba cha mashine kilikuwa baridi. Mpiga picha, kijana aitwaye Leodgar, alimfunga Mahfoudh mkanda tumboni. Kila pumzi ingechora mstari kwenye skrini. Halafu akaiona hirizi ya fedha mkononi.

"Samahani mzee, madini hayaingii humu."

"Hii alinifunga marehemu mama sijaota meno. Nikiivua atanifuata mwenyewe."

"Basi asubiri nje. Na bangili zake azivue."

Mahfoudh akacheka. Thuwaiba hakucheka, lakini alitaka mumewe apone. Akaifungua mwenyewe, akaifundika kwenye pindo la kanga.

Mashine ikaanza kugonga. Upande wa pili wa kioo, Leodgar alinong'ona, "Amelala."

Mstari ulipanda, ukashuka, ukanyooka. Wakasubiri uinuke. Haukuinuka, ila kwenye spika pumzi iliendelea, nzito, ikisogea karibu na karibu zaidi, kana kwamba anayepumua ameinuka kutoka ndani ya mashine akaja kuweka mdomo kwenye kipaza sauti, na ile harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango hata Leodgar akaziba pua.

"Mkanda umelegea tu, mama. Sema umelegea."

"Mtoe, mwanangu."

Mahfoudh alitoka anatabasamu. Thuwaiba alipotaka kumrudishia hirizi, mumewe aliurudisha mkono wake nyuma.

"Kaa nayo. Si yangu hiyo."

Picha zilitoka safi. Daktari alizirudia, akasema huo ni ubongo wa mtu ambaye hajawahi kukosa hewa hata siku moja.

Sasa Mahfoudh alilala dukani bila kukoroma. Mchana mmoja Thuwaiba alisikia mkoromo mdogo, wa mbali, ukitoka kwenye pindo la kanga yake. Aliufahamu, alikuwa ameusikia maisha yake yote ya ndoa. Akaibana hirizi sikioni. Mkoromo ukakatika.

"Shtuka, baba Ziyad," alinong'ona, akiitikisa. "Shtuka, nakuomba."

Yule aliyelala mkekani hakufumbua macho.

"Mwache, mama Ziyad. Amechoka."

Adhana ya alasiri ilimkuta bado ameishika sikioni, akisubiri pumzi ivutwe.